Anasema "basi", wao wanasikia gari

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi kwetu Tanga, ila huu ni mwaka wa sita naishi Columbus, Ohio, pamoja na mume wangu na watoto wawili. Binti yangu ana miaka 11. Mdogo wake wa kiume anatimiza miaka mitatu baada ya wiki tano, na huyo ndiye aliyenifanya nikuandikie saa hizi za usiku wa manane, nimetoka zamu ghalani na usingizi hauji.

Mwanangu ana usonji. Daktari alituambia akiwa na miaka miwili na miezi mitatu. Kabla ya hapo tulishaona kuna jambo, lakini kila mtu alikuwa na lake. Mama mkwe alisema watoto wa kiume huchelewa kusema, hata baba yake alifungua mdomo akiwa na miaka minne. Wifi yangu akasema ni simu. Mwingine kwenye grupu la familia akasema ni chanjo. Sasa mama mkwe anataka nimlete nyumbani asomewe, kisha akae naye Pangani mwaka mmoja achanganyike na wenziwe.

Maneno yake hayazidi saba. Maji, bado, basi, twende, hapana, paka, na "nana" ambalo ni dada yake. "Mama" hasemi. Lakini Shangazi, adhana anaitoa yote, kwa sauti ile ile ya programu iliyo kwenye simu ya baba yake, na akimaliza anaianza upya. Nikimsikia nacheka na machozi yananitoka.

Tangu mwaka jana kuna mama mmoja anakuja nyumbani kila wiki, anakaa nasi chini kwenye zulia, anatuonyesha jinsi ya kucheza naye. Tumemzoea. Sasa anasema mtoto akitimiza mitatu kazi yake inaisha, mtoto anahamia upande wa shule. Mwezi uliopita tukaitwa kwenye tathmini. Binti yangu ndiye alikuwa mkalimani, maana Kiingereza changu ni cha kazini. Wakampa mdogo wake matofali ya mbao ya kuchezea ayapange. Akapanga matatu, akachoka, akayasukuma, akasema: "Basi! Basi!" Yule mama aliyekuwa anampima akafurahi mno, akaenda kabatini akamletea gari la shule la plastiki, la njano. Mwanangu akalitupa. Kwenye ripoti, binti yangu alinisomea, wameandika kwamba mtoto alitaja gari, na alipopewa alikasirika bila sababu inayojulikana. Sikusema kitu. Nilijiambia, mimi nani hata nimsahihishe mwalimu?

Tukiwa tunaondoka mmoja wao akatushauri tushike lugha moja nyumbani, Kiingereza, tusimchanganye mtoto.

Baada ya wiki mbili kuna mkutano wa ile wanayoita IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto mwenyewe. Wanataka aanze chekechea ya elimu maalumu, asubuhi, siku nne kwa wiki, na basi la shule litamfuata mlangoni. Bado anavaa pampasi. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki nzima yuko njiani, na hataki nitie sahihi. Anasema hilo jina la usonji likishaingia kwenye faili halitoki, litamfuata mpaka akitafuta kazi. Mimi naona mtoto atabaki bila kitu. Nitie sahihi au nisitie? Nimpandishe basi peke yake, mtoto asiyeweza hata kuniambia kapigwa? Tuache Kiswahili? Au nimpeleke kwa bibi yake nami nipumue kidogo? Hilo la mwisho naona haya kuliandika.

Mama wa Wawili, Columbus


JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma, nikainuka kubandika chai, nikarudi nikaisoma tena pale kwenye lile gari la plastiki. Kwanza nilicheka. Kisha nikaghadhibika.

Mtoto mwenye maneno saba alichagua moja, na lilikuwa ndilo. Hakuuma mtu, hakujigonga kichwa, hakukimbilia mlango. Alisema imetosha, akasema mara mbili, na matofali akayasukuma ili asiwepo wa kumwelewa vibaya. Hayo ni mazungumzo, mwanangu. Aliyeshika kalamu akayaandika kama hasira isiyo na sababu. Simlaumu sana, sikio lake lilisikia Kiingereza kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuna lugha nyingine chumbani. Wewe ulijua. Binti yako alijua. Mkanyamaza nyote wawili.

Najua mlivyonyamaza, maana nami nilinyamaza hivyo hivyo. Sisi tumelelewa kwamba mwalimu akisema, mzazi anaitikia. Unamfikisha mtoto mlangoni, unasema "mwalimu, mtoto ni wako", unageuka na kanga yako unarudi nyumbani. Ni adabu nzuri na siitukani. Lakini huko uliko, mzazi akinyamaza mezani wanaandika amekubali. Mwanangu sasa ni kijana wa ndevu, lakini mkutano wake wa kwanza niliutilia sahihi kabla chai niliyopewa haijapoa. Nilisema "thank you" kama mara ishirini. Nilipokuja kusomewa karatasi vizuri na jirani, nikakuta mtoto wangu kapangiwa dakika 20 za mtaalamu wa usemi kwa wiki, tena kwenye kundi la watoto wanne. Mwaka mzima ukaenda hivyo. Shule siitaji, na kosa nusu lilikuwa langu.

Ujue pia hicho kiti chako mezani hukupewa kwa hisani. Kabla ya 1975 kulikuwa na watoto wenye ulemavu zaidi ya milioni moja Marekani ambao shule za umma ziliwafungia mlango kabisa. Wazazi wa Pennsylvania na wa jiji la Washington ndio waliokwenda mahakamani mwanzoni mwa miaka ya 70, na Bunge likafuata kwa kutunga sheria. Mwaka 1986 ikapanuliwa mpaka kwa watoto wa miaka mitatu, na ndipo zilipoanzishwa zile huduma za watoto wachanga zilizokuletea yule mama wa zuliani. Tangu 1990 sheria hiyo inajulikana kwa jina la IDEA. Ndani yake mzazi anatajwa kuwa mjumbe wa timu inayopanga elimu ya mtoto. Mjumbe, si mgeni. Ni bure, na watoto wa wahamiaji wamo: Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1982, kwenye kesi iliyotoka Texas, kwamba shule ya umma haimfungii mtoto mlango kwa sababu ya karatasi za uhamiaji.

Sasa rudi kwenye tathmini. Sheria hiyo hiyo inataka mtoto apimwe kwa lugha anayoitumia, isipokuwa pale ambapo haiwezekani hata kidogo. Kwa Kiswahili, Columbus, inawezekana. Wakalimani wapo, hata wa kwa simu, hospitali zinawatumia kila siku. Na kwenye mkutano, shule inapaswa kuhakikisha mzazi anaelewa kinachosemwa, ikibidi kwa kuleta mkalimani kwa gharama yake. Binti yako wa miaka 11 mpe likizo ya kazi hiyo. Mtoto hatakiwi kukaa mbele ya watu wazima akitafsiri mapungufu ya mdogo wake, tena akichagua lipi amwambie mama na lipi ameze. Nina hakika yapo aliyoyameza.

Kwa hiyo kesho, kabla hujalala, waandikie barua pepe. Kiingereza cha kazini kinatosha, hakuna anayesahihisha sarufi. Waambie mambo matatu: kwamba unataka mkalimani wa Kiswahili kwenye mkutano, kwamba mtoto alisema "basi", na kwa Kiswahili maana yake ni imetosha, hivyo ripoti irekebishwe na sehemu ya lugha ipimwe upya akiwepo mtu anayeijua lugha yake, na kwamba unaomba nakala ya ripoti na rasimu ya mpango siku chache kabla ya mkutano. Iandike, usipige simu. Jambo la simu halina shahidi. Wakikataa kurekebisha na ukaona tathmini nzima haikumtendea haki, unaweza kuomba mtoto apimwe na mtaalamu wa nje kwa fedha za shule. Wao ama wanalipa, ama wao ndio wafungue shauri la kuthibitisha kwamba yao ilikuwa sawa. Lakini usianze na hilo. Mara nyingi kile kisa cha gari la njano kikielezwa mezani na mkalimani, watu wenyewe hujishika kichwa.

Sahihi. Mwambie baba watoto hivi. Shule haiwezi kuanza kumhudumia mtoto bila idhini yenu ya maandishi, na mkikataa haiwezi kuwalazimisha. Mkishakubali na baadaye mkajuta, mnaweza kuondoa idhini kwa maandishi. Sahihi hiyo si talaka tatu. Mpango wenyewe unapitiwa kila mwaka, na mtoto anapimwa upya angalau kila baada ya miaka mitatu. Faili la shule lina ulinzi wa sheria tangu 1974, mwajiri haendi kulifungua. Tena kwa watoto wadogo kama wako, sheria inaruhusu shule itumie jina la "kuchelewa kukua" badala ya usonji, kwa hiyo hata hilo jina linalomtisha, aulize kwanza limeandikwa au la. Nami nitamwambia jambo moja kama mama yake, atanisamehe: jina halikumpa mtoto usonji. Mtoto alikuwa anaadhini sebuleni kabla daktari hajafika.

Upande wa pili, kutotia sahihi nako kuna bei yake. Mpango unatakiwa uwe tayari kufikia siku anayotimiza mitatu, na siku hiyo hiyo yule mama wa zuliani anaaga. Msipokubaliana mpaka hapo, mtoto anakaa kati, huku ametoka na kule hajaingia, na muda wake huu ni wa dhahabu. Baba si lazima awepo chumbani. Anaweza kushiriki kwa simu, sheria inaruhusu. Apaki lori mahali, avae vile visikilizio vyake, naye aulize. Wanaume wengi hukataa kitu wasichokiona. Akisikia mwalimu anasema "mtoto wako tutamfundisha kuomba maji", moyo utalegea.

Kuna karatasi mtapewa mkiingia ya kuonyesha nani amehudhuria. Hiyo tia sahihi tu, ni mahudhurio. Ile ya kukubali mpango unaweza kuichukua uende nayo nyumbani, ulale nayo, umsomee mumeo usiku. Unaweza pia kukubali baadhi ya huduma zianze na ukaandika lile usilolikubali. Wakikuambia "lazima leo", sema "I need time to read". Sentensi hiyo ijizoeze mbele ya kioo.

Uliza watoto wangapi darasani na watu wazima wangapi. Uliza kama wamo watoto wasio na ulemavu, kwa sababu sheria inataka mtoto asitengwe na wenziwe zaidi ya inavyolazimu, na chekechea nyingi za huko huchanganya. Lakini pahali pa kukaza macho ni kwenye malengo. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamua kesi ya mtoto mwenye usonji wa Colorado, majaji wote wanane wakakubaliana: mpango wa mtoto lazima umwezeshe kupiga hatua inayolingana na hali yake, na haitoshi kumwonyesha maendeleo ya chembe tu ili karatasi ijae. Kwa hiyo ukisomewa lengo, jiulize: likitimia, maisha ya huyu mtoto pale nyumbani yatabadilika? "Atamtazama mwalimu machoni sekunde tano" mimi silitaki. Watu wengi wenye usonji, wakikua wakaweza kueleza, husema kutazamana macho kunawaumiza, na sisi wa pwani wenyewe mtoto hatumfundishi kumkodolea mkubwa macho. Lengo la kuomba kitu, kukataa kitu, kusema nimemaliza, kusema naumwa, kwenda chooni, hayo ndiyo. Wakileta ubao wa picha au kishikwambi cha kumsaidia kusema, usiogope kwamba atakuwa mvivu wa kutamka. Picha hazizuii usemi, na wapo watoto ambao ndizo zilizowafungulia mlango.

Na Kiswahili, mwanangu, usikiache. Usikiache hata kidogo. Ushauri huo wa lugha moja ni wa zamani na bado unazunguka kwa nia njema. Watafiti wamewalinganisha watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili na wale wa lugha moja, na hawakuona kwamba lugha ya pili inawarudisha nyuma. Sasa tazama upande wako. Ukikiacha, utamsemesha kwa lugha gani? Hicho Kiingereza cha ghalani, "lift this, scan that"? Mtoto anayehitaji maneno mengi, yenye mapenzi, yenye nyimbo na utani, umpe lugha ambayo mama mwenyewe anapungukiwa nayo? Bibi yake Pangani ataongea naye nini? Na yale maneno saba aliyoyachuma kwa jasho, yote ni ya Kiswahili, tuyatupe ili aanze sifuri?

Badala ya wewe kuhama, wao wasogee kidogo. Chukua karatasi moja, ukurasa mmoja tu, mwambie binti yako akusaidie kuiandika kwa Kiingereza (kazi hiyo ataipenda, tofauti na ile ya ukalimani). Juu bandika picha yake akicheka. Chini andika maneno yake na maana zake, kama anavyoyatumia yeye, si kama kamusi. "Maji" labda kwake ni kila kinachonyweka, hata juisi. "Bado" labda ni "usiniondolee". Andika akivuta kola ya shati maana yake nini. Andika adhana: kwamba akianza kuadhini hafanyi fujo, na huenda ndivyo anavyojituliza, wewe ndiye unayejua. Hebu fikiria mwalimu asiyejua anasikia sauti ile ghafla kwenye saa ya kulala! Andika vinavyomtisha. Vyoo vya shule za huko vingi hujisafisha vyenyewe kwa kishindo, na kile kikausha mikono kinanguruma kama mashine ya kusaga. Mtoto mwingine huogopa choo mwaka mzima kwa sababu hiyo tu, watu wakadhani hataki kuacha pampasi.

Andika na chakula. Kama hamli nguruwe, isibaki mdomoni, iwe kwenye karatasi na kwenye mpango. Mtoto anayesema atakataa mwenyewe au atakuja kukusimulia. Wako atakula au atatupa sahani, na vyote viwili hutajua. Pampasi zisikutie aibu: mtoto mwenye haki ya chekechea hii harudishwi nyumbani kwa sababu hajaacha nepi. Kubadilishwa na kufundishwa choo viingie kwenye mpango, aandikwe nani anambadilisha na wapi.

Hofu yako ya basi ni hofu ya kweli na sitaipuuza. Usafiri nao ni sehemu ya huduma, na unaandikwa kama huduma nyingine. Kwa hiyo mna haki ya kuomba mkutanoni kiti cha mtoto chenye mikanda, msaidizi ndani ya basi mbali na dereva, na kwamba asishushwe ila kwa mtu mliyemtaja. Uliza dakika ngapi njiani. Dakika 15 ni kitu kimoja na saa nzima ni kitu kingine. Ukiona bado moyo haukubali, mpeleke mwenyewe wiki za kwanza, hakuna anayekukataza. Na kwa lile la "hawezi kuniambia kapigwa", omba daftari la kwenda na kurudi, liwe kwenye mkoba wake: kala nini, kalia lini, kabadilishwa mara ngapi, kafurahia nini. Lisome kila siku na ujibu, hata mstari mmoja. Darasa linalojua mama anasoma huwa macho. Akirudi, unapomvua nguo za kuoga, mtazame mwili kwa utulivu. Si kwamba nawashuku walimu. Wengi wao wanafanya kazi ngumu kwa mshahara mdogo na wanawapenda hao watoto kweli. Lakini mtoto asiye na maneno, macho ya mama ndiyo mdomo wake.

Kabla ya siku ya kwanza omba mkatembelee darasa likiwa tupu. Piga picha mlango, zulia, choo, na mwalimu kama ataridhia. Mwonyeshe jioni kwenye simu, kila jioni, bila hotuba. Atalia siku za mwanzo. Wako atalia na wewe utalia kwenye gari. Wangu alilia wiki tatu, ya nne akanisukuma mlangoni niondoke.

Shule itadai kadi ya chanjo, nami nasikia kwenye grupu la familia kuna daktari. Mwambie kwamba yule tabibu wa Uingereza aliyeanzisha neno hilo la chanjo kuleta usonji mwaka 1998, jarida lililomchapisha lilikuja kuifuta makala yake mwaka 2010, na mwaka huo huo akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Maneno hayo hayo yaliwafikia wenzetu Wasomali wa Minnesota, wazazi wakaogopa sindano, na mwaka 2017 surua ikawaingilia watoto. Usibishane naye sana. Peleka mtoto.

La mama mkwe ni zito, na umelificha mwisho. Kutaka kupumua si dhambi. Unafanya kazi usiku, mchana una mtoto asiyelala, mume yuko barabarani. Asubuhi nne za chekechea kwa wiki nawe zitakupumzisha, na kulala saa mbili mtoto akiwa darasani si uzembe. Lakini Pangani kwa mwaka mzima sasa hivi, hapana. Nyumbani zipo shule za msingi zenye vitengo vya watoto wenye usonji, Dar es Salaam na miji mingine michache, ila kwa mtoto wa miaka mitatu, pale Pangani, atabaki na bibi peke yake. Na bibi ana umri. Watoto hawa wengi hutoroka kimya kimya na hupenda maji mno, na kuzama ni miongoni mwa mambo yanayowaua zaidi wakipotea. Pangani kuna mto na kuna bahari, umbali wa mtoto mmoja mwenye mbio. Mkweo aambiwe kwa heshima, tena amwambie mwanawe, si wewe: dua tunaiomba na tunaitaka, amsomee kwa simu kila Ijumaa, mtoto asikie sauti yake. Likizo ya shule mkija, mje wote. Halafu mpe kazi. Mwambie amrekodie hadithi fupi fupi na nyimbo za kubembeleza, kwa Kiswahili cha kwao. Mtoto anayeshika adhana nzima kwa kusikiliza simu, hujui atashika nini kwa bibi yake.

Wiki tano si haba. Kuanzia Jumatatu, magari ya shule yanapopita mtaani kwenu asubuhi, msimame dirishani wewe na yeye. Likija la njano, lionyeshe kidole, useme: "Basi." Usimlazimishe arudie. Siku akirudia, na mkutano ukiwa haujafika, rudi kwenye ule ukurasa wenye picha yake. Neno "basi" liandike mara mbili.